Saa ya Mkononi na Mkono Unaotetemeka: Namba Ile Inapima Nini Hasa?

Unalaza simu juu ya kiganja, unanyoosha mkono, unasubiri nusu dakika, kisha programu inakuandikia namba: 5.2. Chini yake kuna mchoro wa mawimbi, na pengine alama ya rangi nyekundu. Kuna anayeiona namba hiyo akadhani ni kiwango cha ugonjwa, kana kwamba 10 ndiyo mwisho na yeye amefika katikati. Mwingine hudhani ni asilimia ya ubongo ulioharibika. Wa tatu amesikia kwamba saa za kisasa zinagundua ugonjwa wa Parkinson, na tangu hapo anaitazama ya kwake kwa woga. Katika mfano wetu, 5.2 ni hesabu tu: mkono umekwenda na kurudi mara tano na kidogo katika kila sekunde. Hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isiutaje ugonjwa wowote, na ili kuona kwa nini, inabidi tuanze na mtetemeko wenyewe kabla ya kukigusa chombo.

Kwa madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, mtetemeko ni mjongeo wa kiungo usio wa hiari, wenye mdundo, unaokwenda na kurudi. Kila sehemu ya maelezo hayo ina kazi yake. Usio wa hiari, kwa sababu mwenyewe hakuutaka na mara nyingi hawezi kuuzuia. Wenye mdundo, kwa sababu muda kati ya pigo moja na jingine unakaribia kulingana, kama sindano ya cherehani inavyopanda na kushuka. Unaokwenda na kurudi, kwa sababu kiungo hakifiki popote. Kinapita palepale kama bembea. Kwa hiyo ule mshtuko wa ghafla unaomgutusha mtu anapopitiwa na usingizi si mtetemeko, kwa kuwa hauna mdundo. Vilevile kujinyonganyonga kwa mwili kunakowapata baadhi ya wagonjwa wa Parkinson waliotumia dawa ya levodopa kwa miaka mingi ni kitu kingine, ingawa kwa jirani anayetazama kwa mbali yote huitwa kutetemeka.

Jambo la pili ambalo husahaulika ni kwamba kila aliye hai hutetemeka. Nyoosha mkono mbele, tandaza vidole, kisha weka karatasi nyepesi juu yake: kingo za karatasi zitacheza. Huo ni mtetemeko wa kawaida wa mwili, ambao kwenye mkono kwa kawaida huenda mara 8 hadi 12 kwa sekunde na ni mdogo kiasi kwamba jicho tupu halina habari nao. Huongezeka mtu akiogopa, akichoka, akinywa kahawa nyingi au sukari ikishuka mwilini. Huongezeka pia tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, au mtu akitumia dawa kama salbutamoli ya pumu, lithiamu au valproeti. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni Parkinson, na kihisi kikiwekwa juu ya mkono wa yeyote kati ya watu hao kitaonyesha mawimbi.

Matatizo ya mjongeo ni jina la jumla la magonjwa yanayovuruga namna ubongo unavyoupangia mwili kusogea. Parkinson ndilo linalojulikana zaidi, lakini lililo la kawaida zaidi kati ya yale yanayoleta mtetemeko ni jingine, ambalo kwa Kiingereza huitwa essential tremor, na baadhi ya tafsiri za mashine hulipachika jina la kuchekesha la mtetemeko muhimu. Waliolipa jina walikusudia kusema kwamba mtetemeko wenyewe ndio ugonjwa, haukuletwa na ugonjwa mwingine unaojulikana. Kwa hiyo hapa nitauita mtetemeko wa kujitegemea. Mara nyingi hurithiwa katika familia, hushika mikono yote miwili, na huweza kushika kichwa na sauti. Mbali na hayo mawili kuna mitetemeko inayotokana na kuumia kwa serebela, yaani ule ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, inayotokana na distonia ambayo hukaza na kupinda misuli, na mingine kadhaa.

Kinachoitofautisha mitetemeko hii mbele ya daktari, kabla ya hesabu yoyote ya mara ngapi kwa sekunde, ni hali ambayo kiungo kimo wakati kinatetemeka. Tazama uchunguzi unavyofanyika. Mgonjwa anakaa, mikono imelala juu ya mapaja, imelegea kabisa. Daktari hatazami mkono tu na kunyamaza; humwambia ahesabu kwa kurudi nyuma kutoka 100 akipunguza 7 kila mara, tisini na tatu, themanini na sita, na mkono uliokuwa umetulia huanza kusugua kidole gumba dhidi ya cha shahada, kwa sababu akili ikishughulishwa mtetemeko wa wakati wa kupumzika hujitokeza. Kisha anaambiwa anyooshe mikono mbele. Kwa mwenye Parkinson mtetemeko mara nyingi hukatika hapo, halafu baada ya sekunde kadhaa hurudi taratibu. Kwa mwenye mtetemeko wa kujitegemea huanza papo hapo. Mwishoni anaambiwa aguse pua yake, kisha kidole cha daktari, kisha pua tena. Mwenye tatizo la serebela huenda vizuri mwanzoni, lakini kadiri anavyokaribia shabaha ndivyo mkono unavyoyumba zaidi.

Kwa ufupi kuna mtetemeko wa kupumzika, wa kushikilia kiungo dhidi ya mvutano wa dunia, na wa kutenda. Ukishajua hivyo, udhaifu wa ile namba ya mwanzo unaanza kuonekana: simu ilipima mkono ulionyooshwa. Mwenye Parkinson ambaye mtetemeko wake ni wa kupumzika anaweza kupata matokeo mazuri kabisa katika kipimo hicho, hasa ikiwa programu ilirekodi sekunde tano za mwanzo, kabla mtetemeko haujarudi.

Kabla ya vihisi, kipimo kilikuwa jicho. James Parkinson, daktari wa London aliyeuelezea ugonjwa huo mwaka 1817, aliandika kuhusu watu sita tu, na baadhi yao aliwaona barabarani wakipita. Baadaye katika karne hiyohiyo, Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ambaye ndiye aliyeupa ugonjwa jina la Parkinson, alitaka wanafunzi waliokaa mbali waione tofauti kati ya mtetemeko mmoja na mwingine. Aliwavisha wagonjwa kofia zenye manyoya marefu ya ndege, na ncha ya unyoya ikakuza mtikisiko wa kichwa ambao vinginevyo usingeonekana. Alitumia pia chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kuchora mapigo ya mshipa wa damu, akakielekeza kwenye mkono ili mtetemeko ujichore wenyewe kwenye karatasi. Nikilazimishwa kutaja babu wa vihisi vya leo, nitautaja ule unyoya kwanza.

Jicho bado linatumika, na lina utaratibu wake. Katika mizani inayotumiwa zaidi duniani kwa Parkinson, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2008, mtetemeko wa kupumzika wa mkono au mguu hupewa alama 0 hadi 4 kwa kukadiria upana wake. Chini ya sentimita 1 ni alama 1. Kati ya 1 na 3 ni alama 2. Kati ya 3 na 10 ni alama 3. Zaidi ya 10 ni alama 4. Ipo alama nyingine ya kueleza mtetemeko ulionekana kwa sehemu gani ya muda wote wa uchunguzi.

Mizani hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo kihisi kinapopata sababu ya kuwapo. Mipaka yake ni 1, 3 na 10: kila hatua ni takriban mara tatu ya iliyotangulia. Mtu ambaye mkono wake ulikuwa ukienda sentimita 9, na baada ya dawa ukawa unaenda sentimita 4, amepata nafuu ya zaidi ya nusu. Pengine sasa anaweza kufunga vifungo vya shati. Kwenye fomu, alama yake jana ilikuwa 3 na leo ni 3. Jicho halikukosea. Ngazi tu zimeachana mno, na kihisi kinaweza kuzihesabu hatua ndogo zilizo katikati yake.

Kihisi, au sensa kama wengi wanavyoiita, ni kifaa kinachogeuza jambo la nje kuwa umeme unaoweza kuhesabiwa. Kile kinachopima mtetemeko ndani ya saa na simu ni kipima mchapuko, kwa jina la kiwandani akselerometa, na namna kinavyofanya kazi anaijua kila aliyewahi kusimama ndani ya basi. Basi likiondoka kwa nguvu unasukumwa nyuma. Likifunga breki unatupwa mbele. Likienda kwa mwendo usiobadilika, hata uwe mkubwa, unasimama wima bila taabu. Mwili wako hauhisi mwendo, unahisi mabadiliko ya mwendo, na mabadiliko hayo ndiyo mchapuko. Sasa mfikirie abiria huyo akiwa kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya mchanga, kimeshikiliwa na springi nyembamba kuliko unywele. Mkono ukitikisika, kipande hubaki nyuma kidogo, umbali kati yake na kuta zake hubadilika, na badiliko hilo husomwa kama badiliko la umeme. Abiria wa namna hiyo wako watatu: mmoja wa mbele na nyuma, mmoja wa kushoto na kulia, mmoja wa juu na chini.

Abiria huyo ana kasoro moja. Hawezi kutofautisha kusukumwa na kuinamishwa. Basi likipanda mlima bila kubadili mwendo, aliyesimama bado huegemea nyuma, na kipima mchapuko nacho, hata kikiwa kimetulia juu ya meza, husoma mvuto wa dunia wakati wote. Mkono unaogeuka polepole, kiganja juu kisha kiganja chini, hutoa ishara kubwa ingawa hakuna kilichotetemeka. Ndiyo maana vifaa vingi huongeza kihisi cha pili, jairoskopu, kinachopima kasi ya kuzunguka na kisichojali mvuto wa dunia. Mtetemeko wa kifundo cha mkono kwa sehemu kubwa ni wa kuzunguka, kama mtu anayejaribu kufungua kitasa, na hapo jairoskopu huona vizuri.

Kutoka kwa vihisi hivi hutoka mfululizo mrefu wa namba, mara nyingi 50 au 100 kwa kila sekunde. Wingi huo una sababu. Ili kulitambua wimbi linalojirudia mara 12 kwa sekunde, lazima ulitazame zaidi ya mara 24 katika sekunde hiyo. Ukilitazama mara chache zaidi utaona wimbi la uongo lenye mwendo wa polepole, kama gurudumu la gari kwenye filamu linavyoonekana kuzunguka kinyumenyume.

Kisha inakuja hesabu inayougawa mkorogo. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier, akichunguza namna joto linavyosambaa, alionyesha kwamba umbo gumu linaweza kuvunjwa kuwa jumla ya mawimbi mepesi, na mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya haraka ya kuifanya hesabu hiyo kwa kompyuta. Ni kazi ambayo sikio la mwanamuziki huifanya kila siku: bendi nzima inapiga kwa pamoja, lakini yeye husikia hili ni besi, hili ni gitaa la solo, hili ni tumba. Hesabu huupokea mjongeo wote wa mkono kwa pamoja na kusema kiasi gani kinakwenda mara 1 kwa sekunde, kiasi gani mara 2, kiasi gani mara 5. Mijongeo mingi ya hiari ya kila siku iko upande wa polepole, chini ya mara 3 kwa sekunde. Mtetemeko wa ugonjwa kwa kawaida huinuka juu ya hapo kama kilele kimoja chembamba. Kasi ya marudio inayosomwa mahali kilele kilipo hupimwa kwa hezi, zilezile tunazozisikia redioni katika kilohezi na megahezi, na hezi 5 maana yake ni mara 5 kwa sekunde.

Kasi ni jibu la swali moja, ukubwa ni jibu la swali jingine, na kuchanganya haya mawili ndiko kunakoleta hofu nyingi zisizo na msingi. Kasi husema mkono umerudi mara ngapi. Ukubwa husema ulikwenda umbali gani. Mwenye mtetemeko wa mara 10 kwa sekunde si mgonjwa maradufu ya mwenye mara 5. Mara nyingi ni kinyume chake: katika mtetemeko wa kujitegemea, kadiri umri unavyosonga kasi hupungua huku ukubwa ukiongezeka, na kinachomwaga chai ni ukubwa.

Tena kihisi hakipimi umbali. Kinapima mchapuko, na kutoka hapo kwenda kwenye sentimita kuna hesabu ambayo kasi imo ndani yake. Mkono unaokwenda sentimita 1 kila upande wa katikati, mara 5 kwa sekunde, hutoa mchapuko wa karibu mita 9.9 kwa sekunde kwa sekunde, ambao unakaribiana sana na ule wa jiwe linaloanguka. Mkono unaotetemeka mara 10 kwa sekunde hutoa mchapuko uleule kwa kwenda milimita 2.5 tu, kwa kuwa kasi ikizidishwa mara mbili, umbali unaohitajika hupungua mara nne. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuonyesha namba ileile ya ukubwa kwenye programu inayoripoti mchapuko mtupu, mmoja akiwa na mtetemeko unaomzuia kuandika na mwingine akiwa na ule ambao hata mkewe hajawahi kuuona. Programu nzuri hukokotoa mpaka kwenye sentimita au nyuzi za mzunguko. Nyingine huishia njiani bila kumwambia mtu.

Je, kasi peke yake haiwezi kuutaja ugonjwa? Mtetemeko wa kupumzika wa Parkinson kwa kawaida huwa mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Wa kujitegemea huwa mara 4 hadi 12. Wa serebela kwa kawaida huwa chini ya mara 5. Yule mwenye 5.2 wa mwanzo anaingia kwenye kundi la kwanza na la pili kwa wakati mmoja, na hayuko mbali na la tatu. Ni sawa na kumtafuta mtu kwa kuambiwa tu kwamba urefu wake ni wa wastani. Kuna mahali pamoja ambapo kasi inakaribia kabisa kuutaja ugonjwa: watu fulani hupata hali ya kutojiamini kila wanaposimama, miguu kama haina imani na sakafu, na wakikaa au wakianza kutembea nafuu huja. Misuli ya miguu yao hutetemeka mara 13 hadi 18 kwa sekunde, haraka kiasi kwamba jicho huona miguu imetulia, na daktari akiweka stethoskopu juu ya paja husikia mvumo kama helikopta iliyo mbali. Hapo kipimo cha umeme wa misuli, kinachowekwa juu ya ngozi, hutoa jibu ambalo mazungumzo marefu yasingelitoa.

Hospitalini kihisi hupata nguvu zaidi kinapotumiwa kuuliza maswali, kuliko kinapoachwa kirekodi tu. Swali moja ni la uzito. Mgonjwa akiwa amenyoosha mkono hufungwa mzigo wa nusu kilo au kilo moja juu ya kifundo. Mtetemeko wa kawaida wa mwili kwa sehemu unatokana na uzito wa mkono na ugumu wa misuli na viungo vyake, kwa hiyo ukiongezwa mzigo kasi yake hushuka, kama ufito unavyochelewa kucheza ukitundikiwa kitu kwenye ncha. Mtetemeko unaotoka kwenye mizunguko ya ubongo hubaki na kasi yake, mzigo uwepo au usiwepo. Na hapa simu iliyolazwa juu ya kiganja inajiingiza kwenye kipimo bila kualikwa, kwa kuwa simu nyingi zina uzito wa karibu gramu 200, na kushika kitu kizito kidogo kwa mkono ulionyooshwa kunabadilisha kile kinachopimwa. Kihisi kinachofaa kwa kazi hiyo ni chepesi na kimebandikwa nyuma ya kiganja.

Swali jingine ni la mdundo. Mgonjwa huombwa agonge meza kwa mkono wa pili kwa kufuata mdundo anaopewa, tuseme mara 3 kwa sekunde. Mtetemeko wa Parkinson au wa kujitegemea huendelea na kasi yake. Katika mtetemeko wa kiutendaji, ambao hutokana na mvurugiko wa namna ubongo unavyofanya kazi pasipo uharibifu wa sehemu yake, mkono unaotetemeka huacha mdundo wake na kuufuata wa meza, au husita kabisa. Mtu mwenye hali hiyo haigizi. Anaumwa kweli na anahitaji tiba, ila si tiba ya Parkinson, na mchoro wa kihisi unaoonyesha vilele viwili vikigeuka kimoja husaidia kumweleza hivyo kwa heshima.

Turudi kwenye saa, na kwenye dai kwamba inagundua Parkinson. Utambuzi wa Parkinson haujengwi juu ya mtetemeko. Nguzo yake ni uzito wa kuanza na kuendeleza mjongeo, yaani kila kitu kuwa polepole na kidogo kidogo kadiri kinavyorudiwa, pamoja na ama ukakamavu wa misuli ama mtetemeko wa kupumzika. Wapo wagonjwa wengi wa Parkinson, takriban robo wakati ugonjwa unapoanza, ambao hawatetemeki kabisa. Saa yao itasema salama. Na wapo wanaotetemeka kwa miongo bila kuwa na Parkinson. Hata picha maalumu ya ubongo inayoonyesha mfumo wa dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua kwa wenye Parkinson, hutumika tu pale daktari anapobaki na shaka kati ya magonjwa mawili.

Saa ina mipaka mingine ya kawaida tu. Imevaliwa mkono mmoja, na Parkinson huanza upande mmoja. Ukiivaa upande mwingine inaandika utulivu. Haijui kidevu wala mguu. Vidole vinavyosuguana huku kifundo kimetulia huipita. Katika mtetemeko wa kutenda, ambao huja mtu anaposhika kijiko au kalamu, saa inapaswa kutenganisha mtetemeko na kitendo chenyewe, kazi ngumu kuliko kuusoma mkono uliolala. Kwa sababu hiyo algorithimu nyingi za saa, yaani zile hatua za hesabu zinazofuatwa na kompyuta yake, zimeelekezwa kwanza kwenye mtetemeko wa kupumzika, na yule mwenye mtetemeko wa kujitegemea anayenunua saa kwa matumaini makubwa hana budi kulijua hilo mapema.

Ilichonacho saa, na daktari hana, ni muda. Miadi ya hospitali ni dakika chache ndani ya miezi kadhaa, na dakika zenyewe si za kawaida. Mgonjwa amepanda gari, amengoja foleni, ana wasiwasi, na wasiwasi huukuza mtetemeko. Au kinyume chake, amemeza dawa saa moja kabla na anaonekana mzima kuliko alivyo siku nyingine zote. Mtetemeko pia kwa kawaida hulala mwenyewe anapolala. Kupima mara moja ni kama kuijua bahari kwa picha moja ya wimbi. Kihisi kinachovaliwa siku sita au saba hukusanya saa nyingi za maisha halisi, na kinamlinganisha mtu na nafsi yake ya jana, ulinganisho ambao una maana zaidi kuliko kumlinganisha na watu wengine. Mwaka 2023, taasisi ya Uingereza inayoitwa NICE, ambayo hushauri hospitali za umma za huko kuhusu tiba, ilikubali vifaa vitano vya namna hii vitumike kwa wagonjwa wa Parkinson kwa masharti kwamba ushahidi zaidi uendelee kukusanywa. Vilikubaliwa kama nyongeza ya jicho la daktari katika kufuatilia watu ambao tayari ugonjwa wao unajulikana.

Kufuatilia huko kunaonekanaje? Chukua mfano wa kubuni wa mtu anayemeza levodopa saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 jioni. Kwenye mchoro wa wiki nzima, mstari wa mtetemeko uko juu saa 1 asubuhi, unashuka kufikia saa 2, unakaa chini mpaka karibu saa 5, kisha unapanda tena na kubaki juu mpaka kidonge cha saa 7 kifanye kazi. Siku moja ingekuwa bahati mbaya. Siku saba mfululizo ni dawa inayoisha kabla ya zamu yake. Mgonjwa aliyeulizwa anaendeleaje angejibu kwamba asubuhi si mbaya. Mchoro unampa daktari pengo la muda wa saa mbili, kati ya saa 5 na saa 7, la kufanyia kazi, ama kwa kusogeza kidonge ama kwa kukigawa, na wiki ya pili ya kuvaa kihisi itaonyesha kama pengo limezibwa.

Mchoro huohuo una kilele kingine, kirefu kuliko vyote, chembamba, chenye kasi ya mara 4 na ushee kwa sekunde, kinachotokea kila siku dakika chache kabla ya kidonge cha asubuhi na tena usiku kabla ya kulala. Kwa algorithimu huo ni mtetemeko mkali wa dakika mbili. Daktari aliyemwomba mgonjwa aandike pembeni alichokuwa akifanya kila saa anageuza daftari, anatafuta saa 12 na dakika 50, na kwa mwandiko mdogo uliobanana, namna wanavyoandika wengi wenye Parkinson, anasoma maneno mawili: kupiga mswaki.